Swali la Diwani wa Isingiro



Mazungumzo yetu ya leo yanahusu jambo ambalo mtu akilitazama kwa haraka aweza kudhani kwamba haliwahusu watu waliovaa sare. Jambo lenyewe ni wajibu wa wajumbe waliochaguliwa na wananchi kuiuliza serikali ya mahali pao juu ya sera na mipango yake, na wajibu wa serikali hiyo kujibu. Tutalitazama hapa hapa nchini kwetu Uganda, katika mji wa Mbarara na katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, karibu na mpaka wa Tanzania. Tumepachagua mahali hapo kwa sababu maswali ya kuulizwa ni mengi, wa kuulizwa ni wengi vile vile, na kila mmoja wao ana mlango wake wa kutokea.

Kwanza tuseme kwa nini askari ahangaike na habari za madiwani. Fikirini usiku mmoja katika kituo cha polisi kilicho ndani ya makazi yale. Ng'ombe wameingia katika shamba la mahindi la mkimbizi. Mkimbizi amewashika na kuwafunga. Mwenye ng'ombe, ambaye ni raia wa kijiji cha jirani, amekuja na fimbo pamoja na ndugu zake, akisema kwamba shamba hilo lilikuwa malisho ya babu yake tangu kabla ya makazi kuwapo. Mkimbizi naye ana karatasi ya kipande alichopewa na ofisi. Askari wawili wa zamu wanaitwa kuamua. Lakini waamue nini? Mpaka hawakuuweka wao. Karatasi hawakuiandika wao. Ahadi aliyopewa mwenye ng'ombe, kama aliahidiwa lolote, haikutoka vinywani mwao. Wanachoweza kufanya usiku ule ni kuwatenganisha watu na kuandika katika kitabu cha matukio. Kesi kama hiyo ilipaswa kupata jibu mchana, katika ukumbi wa baraza, miezi au miaka mingi kabla ya fimbo kuinuliwa. Swali lisilojibiwa barazani halipotei. Huja kugonga mlango wa kituo cha polisi.

Yapo mambo ya zamani yanayofaa kukumbukwa hapa, maana Mbarara ni mji ulioonja hali zote mbili, ya kuulizwa na ya kutokuulizwa.

Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962, Ankole ilikuwa na serikali yake chini ya Katiba ya wakati ule. Mkuu wa serikali hiyo aliitwa Enganzi, na baraza lake la kutunga sheria liliitwa Eishengyero, makao yake yakiwa Mbarara. Ilikuwa ni serikali ya mahali yenye madaraka yake, na wajumbe waliokuwa na haki ya kusimama na kuhoji. Nakivale yenyewe ni mtoto wa enzi hizo. Ilianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, walipokuwa wakiingia Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda. Kwa hiyo swali la ardhi ya Nakivale ni la tangu siku za Omugabe, na mtu anayelizungumza leo kana kwamba limeletwa na Wakongo au Wasomali wa juzi hajui historia ya mahali alipo.

Mwaka 1967 falme zilifutwa, na Eishengyero ikaenda nazo. Mwaka 1971 Idi Amin akatwaa madaraka, Bunge la taifa nalo likaondolewa, na sheria zikawa ni amri zinazosomwa redioni. Ndipo tunapofikia habari ambayo kila askari wa nchi hii, hasa kijana, anafaa kuijua. Katika mwezi wa Julai 1971, Wamarekani wawili, Nicholas Stroh aliyekuwa mwandishi wa habari, na Robert Siedle aliyekuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Makerere, walikwenda Mbarara kuuliza swali. Walikuwa wamesikia kwamba askari wa Kiacholi na Kilango walikuwa wameuawa ndani ya kambi ya kikosi cha Simba, na wenzao wenyewe. Wale wawili hawakurudi. Baadaye iliundwa tume ya uchunguzi chini ya Jaji David Jeffreys Jones. Jaji alipambana na ukimya wa makusudi, mashahidi wasiosema na wakubwa wasiotaka kusaidia, lakini alifikia uamuzi kwamba wageni hao waliuawa na watu wa kambi ile. Ripoti yake ilitolewa mwaka 1972, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kuondoka nchini.

Watu wengi huisimulia habari hiyo kama habari ya wazungu wawili. Sisi tunaiona kwa namna nyingine. Waliotangulia kuuawa walikuwa askari, tena askari wa kawaida waliokuwa wakila katika jiko moja na wauaji wao. Wala hapakuwa na mbunge wa kusimama aulize wako wapi, wala diwani wa Ankole wa kuuliza ni kitu gani kinachopita usiku katika barabara za mji wake. Swali likabaki mikononi mwa mwandishi wa habari na mwalimu. Serikali inapokuwa haiulizwi, mtu mwenye sare hapati kinga yoyote kwa ajili ya sare yake. Na mji ule ulilipa tena mwezi wa Februari 1979, jeshi la Tanzania lilipoingia na majengo mengi kubomolewa.

Tuyaache hayo, tuje kwenye utaratibu wa sasa.

Kugatua madaraka kulianza kwa sheria ya mwaka 1993, kukatiwa mizizi na Katiba ya mwaka 1995, na kufafanuliwa na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997. Wilaya ina baraza. Baraza lina Spika wake. Mwenyekiti wa wilaya huchaguliwa moja kwa moja na wananchi, na huteua kamati yake ya utendaji kutoka miongoni mwa madiwani, kwa kibali cha baraza. Wanawake wamewekewa si chini ya theluthi moja ya viti, na wapo wajumbe wa vijana na wa watu wenye ulemavu. Baraza likiungana kwa theluthi mbili ya wajumbe wake wote, laweza kumwondoa Mwenyekiti kwa sababu zilizotajwa katika Katiba, kama vile matumizi mabaya ya madaraka au rushwa. Hizo ndizo meno zake.

Hata hivyo, meno hayo yana mapengo mawili. Pengo la kwanza ni kwamba wanaojibu maswali wametolewa katika kundi lile lile la wanaouliza. Katika baraza dogo, diwani hodari wa kuhoji huenda ndiye anayevutwa haraka kwenye kamati ya utendaji, na akishaketi upande wa pili sauti yake hubadilika. Pengo la pili ni kubwa zaidi. Mtendaji Mkuu wa wilaya, ambaye ndiye mwenye dhamana ya hesabu na saini ya fedha, alikuwa zamani akiajiriwa na wilaya. Tangu Katiba iliporekebishwa mwaka 2005, huteuliwa kutoka Kampala. Mwaka huo huo ilisimamishwa kodi ya kichwa, iliyokuwa mfereji mkubwa wa mapato ya wilaya. Tangu hapo fedha nyingi za wilaya ni ruzuku ya Serikali Kuu, na sehemu kubwa ya ruzuku hiyo ni ile yenye masharti, yaani imekwisha kuandikiwa kazi yake kabla haijafika: hii ni ya mishahara ya walimu, hii ya dawa, hii ya barabara. Diwani anamwuliza Mwenyekiti, "Kwa nini hatukujenga daraja?" Mwenyekiti anajibu kwamba fedha hazikuja kwa ajili ya daraja. Jibu hilo mara nyingi ni la kweli, na kwa sababu ni la kweli limekuwa pia kichaka kizuri cha kujifichia.

Katika Nakivale, kichaka hicho ni msitu mzima.

Katika Nyongeza ya Sita ya Katiba yameorodheshwa mambo yaliyobakishwa mikononi mwa Serikali Kuu. Ulinzi na usalama yamo, silaha na baruti zimo, uraia na uhamiaji vimo, na wakimbizi wamo. Kwa Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006, mambo yao yako chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, na makazi yanasimamiwa na mtumishi wa ofisi hiyo aitwaye kamanda wa makazi. (Nanyi msikilizao mnaweza kutabasamu, maana kamanda huyo ni raia, hana kikosi wala silaha, lakini mafaili yake yana uzito kuliko bunduki nyingi.) Baraza la wilaya ya Isingiro, wilaya iliyotokana na kugawanywa kwa wilaya ya Mbarara mwaka 2005, halina mamlaka juu ya nani anapokewa Nakivale, anapewa kipande gani cha ardhi, au anapunguziwa posho ya chakula kwa kiasi gani. Lakini shule ya msingi anayosoma mtoto wa mkimbizi pamoja na mtoto wa mwenyeji ni jambo la wilaya. Zahanati ni ya wilaya. Barabara ya udongo inayopitisha malori ya chakula, ikichimbika kwa matairi ya malori hayo, ni ya wilaya vile vile. Na kuni zinazokatwa kila siku kupikia chakula cha watu zaidi ya 150,000, ni za nani? Miti iko katika ardhi ya nchi, mkataji ni mtu wa Ofisi ya Waziri Mkuu, na afisa wa mazingira anayelalamika ni wa wilaya.

Basi tuseme diwani anasimama. Anauliza juu ya barabara. Anaambiwa kwamba iliharibiwa na malori ya mashirika, na mashirika yana mkataba na Ofisi ya Waziri Mkuu. Anakwenda kwa mbunge wake. Mbunge anamwuliza Waziri. Waziri anajibu, kwa adabu zote za Bunge, kwamba matengenezo ya barabara hiyo ni jukumu la serikali ya wilaya, na mheshimiwa mbunge anashauriwa kuwasiliana nayo. Swali limepigwa danadana, limetoka Isingiro likaenda Kampala na kurudi Isingiro, na mvua za masika zimekwisha kunyesha. Hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja amesoma kifungu chake sawasawa.

Wenzetu wengine wanaijua shida hii. Kule Zanzibar, Baraza la Wawakilishi, lililoanza mwaka 1980, huiuliza Serikali ya Mapinduzi maswali makali juu ya afya, karafuu, shule na bandari. Lakini polisi na ulinzi ni mambo ya Muungano, na mwakilishi anayetaka kuuliza juu ya mwenendo wa polisi katika jimbo lake hukuta kwamba Waziri wa kujibu yuko katika Bunge jingine, ng'ambo ya bahari. Katika Kenya, Katiba ya mwaka 2010 ilizipa kaunti mabaraza yenye uwezo wa kumwita mtu yeyote kutoa ushahidi, uwezo unaolingana na wa Mahakama Kuu. Mabaraza hayo hayakuchelewa kuuonja uwezo wao. Mwezi wa Januari 2014 baraza la Embu lilimwondoa Gavana Martin Wambora, wa kwanza kuondolewa hivyo nchini humo, na Seneti ikaunga mkono mwezi uliofuata. Mahakama zilikuja kuingilia, na kesi ikawa ndefu. Kwa maoni yetu, kumwondoa mkubwa ni kazi rahisi kuliko kumbana kwa swali moja dogo mpaka alijibu. La kwanza huleta kelele na magazeti. La pili lahitaji kusoma hesabu usiku.

Nasi hapa tunacho chombo kinachosoma hesabu. Katiba inamtaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu akague fedha za Serikali Kuu na za serikali za mitaa zote, na inalitaka Bunge liijadili ripoti yake na kuchukua hatua katika muda wa miezi sita. Bungeni iko Kamati ya Hesabu za Serikali inayoshughulika na serikali za mitaa, na kwa kanuni za Bunge kamati za namna hiyo huongozwa na wabunge wa upinzani. Kamati za Bunge zaweza kumwita Waziri au mtumishi yeyote wa umma, na zina uwezo kama wa Mahakama Kuu wa kulazimisha mashahidi kufika. Wilayani nako kuna kamati ya hesabu inayopitia ripoti za ukaguzi na kuzipeleka mbele. Na kila wiki Bunge likiwa linakaa kuna muda uliotengwa wa kumwuliza Waziri Mkuu maswali. Kwa kuwa ofisi yake ndiyo yenye wakimbizi, ule ndio mlango ulio karibu zaidi na Nakivale kuliko yote, ingawa ukumbi wenyewe uko mbali.

Ubora wa swali, hata hivyo, hautokani na ukumbi. Swali baya husema, "Serikali ina mpango gani wa kuwasaidia watu wa Isingiro?" Jibu la swali hilo laweza kuandikwa na karani yeyote kabla hajanywa chai: Serikali ina mpango kabambe, iko mbioni, wananchi wavute subira. Swali zuri lina tarehe, kiasi na jina la kazi. Upo, kwa mfano, utaratibu unaojulikana sana katika makazi, kwamba katika misaada iletwayo kwa ajili ya wakimbizi, sehemu 30 kwa 100 iwanufaishe wenyeji wanaowapokea. Upo pia mradi wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2016 kwa ajili ya wilaya zinazopokea wakimbizi, na Isingiro ilikuwa miongoni mwa nne za mwanzo pamoja na Arua, Adjumani na Kiryandongo. Diwani aliyejiandaa atauliza: katika mwaka huu wa fedha, ile 30 ilikuwa shilingi ngapi kwa tarafa yangu, ilijenga nini, nani alichagua kijengwe hapo, na mkandarasi alikabidhi kazi tarehe gani? Kisha katika swali la nyongeza atauliza kwa nini darasa lililokabidhiwa tarehe hiyo halina madirisha. Hapo hakuna kichaka.

Mwaka 2018 tuliona gharama ya swali kuchelewa. Mwezi wa Februari mwaka huo, baada ya tuhuma za wizi wa misaada na kuongezwa kwa idadi ya wakimbizi katika vitabu, maofisa wa Ofisi ya Waziri Mkuu, akiwamo Kamishna wa Wakimbizi, walisimamishwa kazi na uchunguzi ukaanza. Kuanzia Machi hadi Oktoba, Serikali pamoja na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi walihesabu watu wote upya, kwa alama za vidole na za macho. Vitabu vilikuwa vikisema milioni 1.4. Waliothibitishwa walikuwa kama milioni 1.1. Si haki kusema kwamba tofauti yote ilikuwa ya majina hewa, kwa maana wakimbizi nao huhama, hurudi kwao, hufa, na wengine hawakufika siku ya kuhesabiwa. Lakini chakula kilikuwa kikiagizwa kwa idadi ile ya kwanza. Na katika miaka yote hiyo, madiwani wa wilaya zinazopokea wakimbizi waliishi jirani na maghala. Walijua ni malori mangapi yanaingia. Kwa kuwa jambo halikuwa lao kisheria, halikupata ukumbi wa kuulizwa kwao, na macho yaliyokuwa karibu kuliko yote yakawa hayana mdomo.

Yafaa pia tuseme juu ya wale ambao wanazungumzwa lakini hawazungumzi. Mkimbizi si raia, hapigi kura, na kwa hiyo hana diwani. Makazi yana mabaraza ya wakimbizi yaliyojengwa kwa ngazi, kwa kufuata mfano wa mabaraza yetu ya vijiji na tarafa, na viongozi wao husuluhisha magomvi, huita mikutano na kupeleka malalamiko kwa kamanda wa makazi. Lakini mabaraza hayo hayapitishi bajeti wala hayamwiti mtu kujieleza. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipopungukiwa na fedha na kuwagawa wakimbizi katika makundi, waliohesabiwa kuwa wanajimudu wakaondolewa kabisa katika posho. Mama wa Nakivale aliyetaka kujua kwa nini jirani yake amebaki katika daftari naye ametolewa, hakuwa na mheshimiwa wa kumpelekea swali hilo. Diwani wa Isingiro amechaguliwa na wenyeji, na wenyeji wana malalamiko yao juu ya ardhi, malisho na kuni. Tukimtarajia awe msemaji wa mkimbizi dhidi ya wapiga kura wake, tunamtwika mzigo ambao wanasiasa wachache wa nchi yoyote huubeba.

Pengine hapo ndipo busara ya diwani huonekana. Maji ya ziwa Nakivale yananywewa na pande zote mbili. Mwalimu asiyelipwa nyumba anafundisha watoto wa pande zote mbili. Maswali ya namna hiyo yana wenye faida wengi, na hayamgharimu kura. Tungependa kuona mengi zaidi ya hayo, na machache ya yale yanayouliza tu wakimbizi wataondoka lini.

Sasa turudi kwenu wenye sare, maana liko swali moja la Nakivale ambalo lilihusu polisi moja kwa moja. Tarehe 14 Julai 2010, Wanyarwanda zaidi ya 1,700 waliokuwa Nakivale na Kyaka walikusanywa na kupakiwa katika malori kurudishwa Rwanda kwa nguvu. Serikali ilieleza kwamba walikuwa ni watu ambao maombi yao ya ukimbizi yalikataliwa. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilipinga namna kazi hiyo ilivyofanywa, na likasema kwamba katika malori walikuwamo hata wakimbizi waliokwisha kutambuliwa, na kwamba watu walikufa waliporuka kutoka garini. Askari aliyekuwa zamu siku ile alitekeleza amri. Hakuitunga. Lakini jina la polisi ndilo lililosemwa duniani kote, si jina la kikao kilichoamua. Baraza la Isingiro lisingeweza kuuliza, kwa kuwa polisi si wa wilaya na wakimbizi si wa wilaya. Waliokuwa na uwezo wa kuuliza ni wabunge, ambao kati yao jeshi lenyewe lina wawakilishi kumi. Amri iliyoandikwa, yenye tarehe, sababu na saini, na inayojulikana kwamba kesho Waziri atasimama kuieleza, hutungwa kwa uangalifu zaidi kuliko ile isiyotazamiwa na mtu. Anayepumua kwa uangalifu huo ni koplo aliyesimama nyuma ya lori.

Wako wakubwa wengine wasiopenda jambo hili. Husikika wakisema kwamba maswali yanadhoofisha amri, na kwamba usalama si mazungumzo ya ukumbini. Ni kweli kwamba mpango wa doria hausomwi hadharani, na diwani anayetaka kujua bunduki ngapi ziko kituoni ajibiwe kwamba hilo si lake. Lakini idadi ya magunia ghalani si siri ya vita. Mpaka wa shamba si siri ya vita. Wala haimpasi askari polisi kuingia katika ukumbi wa baraza kumtoa diwani kwa kuwa swali lake limemkera mtu mkubwa. Ndani ya ukumbi mwenye mamlaka ya utaratibu ni Spika, na askari huitwa na Spika.

Liko jambo dogo ambalo kituo chochote chaweza kulifanya bila kungoja sheria mpya. Kitabu cha matukio kinajua mambo ambayo hakuna diwani anayeyajua. Kikionyesha kwamba katika miezi mitatu wameshikwa ng'ombe mara kumi na mbili katika vipande vile vile vinne vya upande mmoja wa makazi, hiyo si kesi kumi na mbili tena. Ni mpaka mmoja usiojulikana. Mkuu wa kituo akiandika hivyo katika taarifa yake, taarifa itafika kwa mkuu wa polisi wa wilaya, na kutoka kwake hadi kamati ya usalama ya wilaya ambamo mjumbe mkazi wa Rais ndiye mwenyekiti. Mjumbe huyo kazi yake kwa mujibu wa Katiba ni kuratibu huduma za Serikali Kuu katika wilaya na kumshauri Mwenyekiti wa wilaya juu ya mambo ya kitaifa. Yeye anaongea na pande zote mbili, Ofisi ya Waziri Mkuu na baraza. Akilipeleka jambo mbele ya Mwenyekiti likiwa na idadi, tarehe na mahali, diwani wa upande huo atakuwa na swali la msingi na la nyongeza, na wapima ardhi watatajwa kwa cheo chao katika kumbukumbu za kikao. Vipande hivyo vinne vyaweza kuwekewa mawe ya mpaka kabla ya mahindi ya msimu ujao kufika magotini.

Kwaherini, na zamu njema.